Tamthilia ya ngumi niliyolipia, na mhudumu wa wateja aliyenimalizia utamu

Nyota moja, maana sifuri hawaruhusu.

Jina la hii programu ya tamthilia za kwenye simu silitaji. Niliilipia kwa sababu moja tu: walitangaza tamthilia ya upelelezi kuhusu rushwa kwenye ngumi za kulipwa za Marekani, na mimi kwa ngumi sijiwezi. Sehemu ya mwisho, mpelelezi kaingia chumba cha kubadilishia nguo, kafunga mlango, anafungua mdomo ataje nani kauza pambano. Picha ikaganda! Bando ninalo, video nyingine zote zinacheza, hiyo tu imekwama.

Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki wa kusubirisha mpaka sikio likapata moto, akapokea dada mmoja. Akaniuliza nimekwamia wapi. Nikamweleza. Akacheka. "Aa kaka, si yule bondia mwenyewe, alijiangusha kwa hela. Kwani hukushtuka? Kuna lingine nikusaidie?"

Samahani hakuna, kurudishiwa hela hakuna. Na alicheka, narudia, alicheka.

Usiku picha ikarudi yenyewe, nikaangalia, na kumbe dada alisema kweli. Hapo ndipo hasira ikamwacha yeye ikawahamia waandishi. Eti mpelelezi karudisha video polepole, kaona ngumi haikugusa taya, kesi imekwisha. Bondia anafungwa pingu. Promota anapanda gari lake, anaondoka zake. Yaani sehemu zote hizo mnanipitisha kwenye vikao, bahasha na simu za usiku, halafu mwizi ni yule anayepigwa?

Bondia wa Marekani Jake LaMotta alimuachia mwenzake Billy Fox pambano pale Madison Square Garden Novemba 1947, na ukumbi mzima ulinusa. Kamisheni ya ngumi ya New York ilimsimamisha, lakini kosa lililoandikwa ni kuficha jeraha. Ukweli aliutoa mwenyewe mwaka 1960, mbele ya kamati ndogo ya Seneti. Miaka 13! Hakuna video ya polepole iliyomkamata. Na alieleza kwamba hakujiangusha kwa ajili ya hela, alichotaka ni kupewa pambano la ubingwa, ambalo bila baraka za wakubwa hulipati hata upige watu vipi. Tena akatoa dola 20,000 za kwake juu. Mwaka 1949 akapigania mkanda na kuuchukua. Hapo mwenye kosa nani? Muulize Frankie Carbo, jambazi aliyeshika mabondia wa enzi zile mkononi. Alihukumiwa miaka 25 mwaka 1961, kwa kumbana bingwa mmoja na watu wake wagawane naye mapato.

Na kama hawataki mambo ya kale, ipo ya IBF, shirikisho la ngumi la kimataifa. Wapelelezi wa FBI walitega kamera chumba cha hoteli, fedha zikaonekana zinabadilisha mikono, habari yenyewe ni nani apandishwe kwenye orodha ya ubora. Rais wa shirikisho, Robert Lee, akapata miezi 22 jela, ingawa mashtaka mazito zaidi baraza la wazee wa mahakama lilimfutia. Hakuna hata ngumi moja iliyorushwa mle chumbani! Hiyo ndiyo tamthilia. Sisi wa Dar tunaokaa ukumbini tukipiga kelele "majaji wamekula" tungeielewa bila maelezo.

Sasa niwe mkweli, maana nisipokuwa mkweli nitakuwa kama wao. Sehemu ya tatu ni tamu kupita kiasi. Pambano limekwisha, baba wa bondia aliyepigwa anakwenda kumpa mkono mshindi, anaibonyeza glovu, uso unambadilika. Hilo wamelichukua kwa bondia Billy Collins, 1983, pale baba yake aliposhika glovu za Luis Resto, aliyempiga mwanawe, akakuta sponji ndani imepungua. Macho ya yule kijana yaliharibika, hakupigana tena. Mzee anayeigiza baba hasemi neno, anabonyeza tu, anabonyeza tena. Nilisimama kitini. Kwa sehemu hiyo peke yake natoa nyota tatu, na atakayeniuliza nitamwambia alipe.

Alipe, aangalie mpaka ya tatu, aishie hapo. Ya mwisho asiiguse.

Au asilipe kabisa, aende kwa jirani aliyelipa. Maana nikimkumbuka promota anapunga mkono kwenye gari, halafu kile kicheko cha kwenye simu, nyota zinashuka zenyewe. Mbili. Mwezi wangu ukiisha sirudi, labda walete msimu wa pili na promota akamatwe, na wakileta, wamuweke mtu mwingine kwenye ile simu.