Matembezi ya Bataan kule White Sands: maoni yangu kwa anayefikiria kujiandikisha

Watu wananiuliza kama hii Bataan Memorial Death March, matembezi ya kuwakumbuka wanajeshi mateka waliotembezwa kwa nguvu kule Ufilipino mwaka 1942, inafaa pesa na uchovu wake. Mimi nasema inafaa sana, ila kama unachotafuta ni muda mzuri wa marathoni basi katafute marathoni ya mjini yenye lami mwanzo mwisho, zipo nyingi na ni rahisi kufika. Hii ipo ndani ya eneo la jeshi la Marekani la kujaribia makombora, White Sands Missile Range, jangwani New Mexico, inafanyika mwezi wa 3 na wengi wanalala Las Cruces, mji wa jirani, halafu wanaamka usiku wa manane kuwahi geti. Usipuuze hilo la kuwahi, foleni ya magari inakuwa ndefu kweli na alfajiri jangwani kuna baridi kali hata kama mchana utaungua.

Na ukiwahi utakuta kile ambacho mimi nakiona ndio kiini cha siku nzima, yaani sherehe ya ufunguzi. Wanaita majina ya manusura wa Bataan kama vile jeshini wanavyohesabiana asubuhi, likitajwa jina la aliyeshafariki hakuna anayeitika. Uwanja mzima umesimama, maelfu ya watu, kimya, giza bado halijaisha vizuri. Nawaomba sana msiikose hiyo eti kwa sababu mnanyoosha miguu au mpo foleni ya choo, nenda chooni mapema, kunyoosha miguu utanyoosha njiani.

Maana ukijua hayo majina ni ya kina nani mguu unatembea tofauti. Tarehe 9 Aprili 1942 kule Ufilipino, wanajeshi kama 75,000 wa Kifilipino na Kimarekani waliokuwa wamezingirwa kwenye rasi ya Bataan walisalimishwa kwa Wajapani na Jenerali Edward King, na walikuwa tayari wameisha, wamekaa miezi kwa mgao wa chakula uliokatwakatwa, malaria, kuhara, dawa hakuna. Watu wa hali hiyo ndio wakatembezwa toka Mariveles mpaka San Fernando, kilometa kama 100, kwenye jua la Aprili, maji wanayaona pembeni ya barabara na ukitoka mstarini kwenda kuyanywa unauawa, aliyeanguka wengi walimalizwa kwa singe au risasi. Waliofika San Fernando wakashindiliwa kwenye mabehewa ya mizigo hadi Capas, humo wengine walikufa wamesimama kwa kukosa hata nafasi ya kuanguka, kisha wakatembezwa tena mpaka Camp O'Donnell, na kule kambini vifo vikaendelea kwa maelfu. Wamarekani wengi waliobaki hai baadaye wakasafirishwa kwa meli kwenda kufanyishwa kazi Japani.

Sasa kwa nini New Mexico? Kwa sababu jimbo hili lilikuwa na vijana wake karibu 1,800 kule, wa vikosi vya mizinga vya 200 na 515 vya National Guard, yaani jeshi la akiba la jimbo, na takriban nusu tu ndio walirudi. Jimbo lenye watu wachache vile, hebu fikiria kila mji mdogo ulipoteza nani. Wanafunzi wa mafunzo ya kijeshi pale New Mexico State University ndio walianzisha matembezi mwaka 1989, kisha 1992 yakahamia White Sands. Kwa hiyo hii kitu imeanzia kwa watu wenye msiba wao wenyewe, na inaonekana, kuna familia zinatembea zimebeba picha ya babu mgongoni na ukitembea nyuma ya picha kama hiyo kwa muda mrefu unajikuta na wewe umemzoea huyo mzee.

Njia yenyewe ni maili 26.2, kilometa 42 na kitu. Mwanzo unaona mbona rahisi, halafu inakuja barabara inayopanda taratibu bila kuisha, jua limeshatoka, upo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hulioni, linakauka kabla hujalifuta, ndio maana watu wanasahau kunywa maji. Mnazunguka mlima halafu mnarudi chini. Baada ya maili ya 20 ndio kuna ule mchanga mlaini wenyewe wanauita Sand Pit, na hapo ndipo nilipoona wanaume wenye misuli wanakaa chini kimya. Vaa vile vifuniko vya kitambaa vinavyofunga juu ya kiatu mchanga usiingie, beba soksi za kubadilisha na usijaribu kiatu kipya siku hiyo, malengelenge ya kule hayana huruma.

Vituo vya maji vipo vya kutosha na watu wa kujitolea wana moyo sana, wanakupa machungwa, ndizi, na maneno mazuri wakati ambao unayahitaji kuliko ndizi.

Kuna kundi la wanaotembea na mzigo mzito, begi lisilopungua ratili 35, kama kilo 16, na wanalipima ukimaliza. Nilichokipenda ni kwamba wengi hawajazi mawe, wanajaza mchele na maharage na mwisho wanaviacha kama msaada wa chakula kwa wahitaji. Ukizingatia kwamba tunaowakumbuka walikufa njaa, mimi naona hakuna mzigo wa maana kuliko huo. Lakini usiubebe kwa sifa kama hujafanya mazoezi nao.

Lazima nimtaje Kanali Ben Skardon. Alinusurika yale matembezi yenyewe ya 1942, akanusurika na meli za mateka, na akaja kutembea White Sands akiwa na miaka tisini na kitu mpaka akafikisha 100 bado anatembea, na kwa miaka mingi alikuwa anatembea maili 8.5. Alifariki 2021 akiwa na miaka 104. Manusura wa aina yake zamani walikuwa wanakaa mwisho wa njia kushika mikono ya wanaomaliza, sasa hivi karibu wote wametutoka, kwa hiyo kazi ya kukumbuka imebaki kwa watembeaji.

Na hapo nina ombi moja. Wengi wa waliotembezwa mwaka 1942 walikuwa Wafilipino, Wamarekani walikuwa kama 12,000 tu. Baada ya vita, sheria ya Marekani ya 1946 ikawanyima Wafilipino wengi haki za askari wastaafu walizokuwa wameahidiwa, na medali ya dhahabu ya Bunge la Marekani wakaja kukabidhiwa 2017, wengi walishazikwa. Kule kwao 9 Aprili ni sikukuu ya taifa na njia ya asili ina nguzo kila kilometa. Kabla hujaenda White Sands soma habari zao, tembea kwa ajili yao pia.

Kama miguu haijazoea umbali, chukua ile fupi ya maili 14.2. Sherehe ya asubuhi ni ile ile na majina ni yale yale.