Dai za Kujazia Risasi Upya: Zipi za Kununua, na Kiwanda Kipi Kitakusikiliza Zikiwa na Kasoro

Mwindaji au mlenga shabaha anayeishi Marekani, akishanunua presi ya kujazia risasi upya, hukabiliwa mara moja na ununuzi mwingine unaoonekana mdogo: seti ya dai, yaani kalibu za chuma kigumu ambazo hulirudisha ganda lililokwisha kupigwa katika vipimo vyake, kisha huketisha kichwa kipya cha risasi shingoni mwake. Presi ikiwa na ubovu kidogo, kazi huendelea. Dai ikiwa na ubovu kidogo, ubovu huo huchapwa juu ya kila ganda linalopita ndani yake. Mpangilio ninaoutoa hapa haukufuata ung'avu wa chuma peke yake. Nusu ya alama nimezitoa kwa swali moja: seti ikifika na hitilafu, au ikiharibika baada ya miaka kadhaa, kiwanda kitafanya nini?

Nieleze mapema mwongozo huu unamhusu nani. Nchini Marekani, sheria ya shirikisho haimtaki mtu anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe awe na leseni. Anayetaka kuziuza ndiye anayehitaji leseni ya mtengenezaji, na baadhi ya majimbo yana masharti yake ya ziada. Kenya, chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mambo ni tofauti kabisa, na kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai. Kwa hiyo pasiwepo mtu wa kumfungia ndugu yake seti hizi katika mzigo wa kwenda nyumbani, hata kama ndugu huyo ana kibali cha kumiliki bunduki.

Kabla ya kutaja majina ya viwanda, yafaa kujua kasoro zenyewe, kwa sababu mnunuzi anayeweza kueleza tatizo lake kwa usahihi huhudumiwa haraka kuliko anayeandika tu kwamba dai ni mbovu. Kasoro ya kwanza ni nyepesi mno hata watu huidharau: kilichomo ndani ya boksi sicho kilichoandikwa juu yake. Soma maandishi yaliyochongwa kichwani mwa kila dai, wala usitegemee lebo. Dai ya kuketishia ya .30-06 Springfield iliyoingizwa kimakosa katika boksi la .308 Winchester haitambuliki kwa macho ya mgeni, kwa maana zote zina hesi zilezile za kawaida za viwanda vingi, kipenyo cha inchi 7/8 chenye hesi 14 kwa kila inchi.

Kasoro inayolalamikiwa zaidi ni michubuko juu ya maganda, na hapa ndipo lawama nyingi hutupwa pasipostahili. Dai mpya huja imepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na pengine chembe za chuma za kiwandani zimenasa katika mafuta hayo. Ioshe kwanza kwa dawa ya kusafishia bunduki na kuipangusa ndani kwa kitambaa. Kisha chukua maganda manne au matano yaliyosafishwa, uyapake mafuta ya kulainishia, na utie alama ya wino kwenye kitako cha kila moja. Yapitishe moja moja, kila mara alama ikikutazama wewe. Ukiyapanga mezani halafu na kuona mchubuko uko upande uleule wa alama katika yote, chanzo ni dai. Mchubuko ukihamahama, huku kushoto, huku nyuma, chanzo ni mchanga uliokuja na maganda kutoka uwanja wa shabaha. Piga picha za maganda hayo yakiwa yamepangwa hivyo hivyo, kwa sababu picha moja ya namna hiyo hufupisha majibizano ya barua pepe ambayo yangechukua wiki nzima.

Dai za bunduki ya kuwindia zina tatizo jingine linalohitaji kipimo, nalo ni bega la ganda, yaani pale ganda linapopungua unene kuelekea shingoni. Kwa bunduki ya bolti, yaani ile inayopakiwa kwa kuvuta komeo kwa mkono, bega hutakiwa lirudishwe nyuma kiasi cha inchi 0.001 hadi 0.002 kutoka lilivyokuwa lilipotoka katika chemba, yaani tundu la bunduki ambamo risasi hukaa inapopigwa. Kwa bunduki inayojipakia yenyewe, kiasi cha 0.003 hivi. Dai ikigusa kishikio cha ganda na bega lisisogee, izungushe kidogo zaidi, kwa kuwa presi hutanuka inapokandamizwa. Bega likigoma hata hapo, ama dai imechongwa kina kirefu mno ama chemba ya bunduki yako ni fupi, na jambo hilo ni la kiwanda kulitatua. Lililo la kawaida zaidi, na la hatari zaidi, ni kinyume chake: bega linasukumwa nyuma kupita kiasi, na ganda baada ya kupigwa mara chache hupasuka mzunguko mzima karibu na kitako. Mara nyingi hii si kasoro ya dai bali ni mnunuzi aliyeifunga chini mno, na wahudumu wanalijua hilo, ndiyo maana swali lao la kwanza litakuwa umeipangaje. Nunua kipimo cha bega pamoja na seti. Bila hicho huna hoja ya kumpelekea mtu yeyote.

Yapo pia madogo madogo. Fimbo ya kuketishia ikiacha duara lililobonyea juu ya kichwa cha risasi, umbo la fimbo haliafikiani na umbo la kichwa, hasa vile vichwa virefu vilivyochongoka. Viwanda kadhaa huuza fimbo nyingine inayofaa. Kipanuzi cha shingo kikikwaruza na kupiga kelele kinapotoka, kwa kawaida shingo haikupakwa mafuta kwa ndani. Pini ya kung'olea fataki, yaani kile kiwashio kidogo cha kitakoni, ikivunjika, angalia kwanza ndani ya ganda: yale ya mtindo wa Berdan yana matundu mawili madogo badala ya tundu moja la katikati, na pini haina pa kupita.

Kuhusu dhamana, sheria ya Marekani ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inampa mnunuzi nguvu ambayo wengi wetu wageni hatuitumii. Dhamana ya maandishi ya bidhaa inayozidi dola 15 lazima ipatikane kwa kusomwa kabla ya kununua, nayo lazima ijitambulishe kama ni kamili au yenye mipaka. Isome basi. Tazama kama neno "maisha" lina maana ya maisha ya mnunuzi wa kwanza au ya chombo chenyewe, kwa kuwa anayenunua seti iliyotumika anaweza kujikuta hana dhamana yoyote. Tazama pia nani analipa posta ya kurudisha. Kampuni hizi huuzwa na kununuliwa, na masharti hubadilika pamoja na wenye mali, kwa hiyo karatasi iliyomo ndani ya boksi lako ndiyo ya kutegemea, wala si sifa ya miaka ya nyuma.

Sasa mpangilio wenyewe, kwa mwindaji wa kawaida mwenye bunduki moja au mbili na asiye na haja ya kushinda mashindano.

Nafasi ya kwanza naipa RCBS, iliyoanzishwa na Fred Huntington mwaka 1943 huko Oroville, California. Dai zake ni za bei ya kati, vipuri vyake vinauzwa kimoja kimoja, na kwa miaka mingi imejijengea jina la kampuni inayotuma pini au kipanuzi kingine bila maneno mengi. Ninachokilaumu ni pete ya kufungia inayobanwa kwa skurubu ndogo iliyo ubavuni. Ukiikaza kwa nguvu bila kitu laini chini yake, inatafuna hesi za dai.

Ya pili ni Hornady ya Grand Island, Nebraska, na tofauti yake na ile ya kwanza ni ndogo sana. Pete yake ya kufungia hubana dai mzunguko mzima na haigusi hesi kwa ncha, jambo linaloizuia isisogee kabisa. Ndani ya dai ya kuketishia kuna mkono unaoteleza ambao hukishika kichwa cha risasi na kukinyoosha kabla hakijaingia shingoni, na kwa mtu mwenye vidole vinene anayejaza vichwa vidogo hiyo ni neema. Mkono huo una sehemu nyingi zaidi za kukusanya uchafu, hivyo unataka kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara.

Redding ya Cortland, New York, ingekuwa ya kwanza kama ningewaandikia walenga shabaha wa mashindano. Ndani ya dai zake chuma kimesuguliwa vizuri, na aina zinazotumia bushi, yaani pete ndogo za ndani, za kubadilisha humwezesha mtu kuchagua ubano wa shingo kwa tofauti ya inchi 0.001. Seti zake za mashindano huzidi dola 100 kwa mbali, na mwindaji anayepiga paa mita 150 hataiona faida ya fedha hizo. Forster ya Lanark, Illinois, naiweka bega kwa bega nayo. Dai yake ya kuketishia hushika ganda na kichwa pamoja katika mstari mmoja, na kiwanda chenyewe hupokea dai zake za kurekebisha na kupanua shingo kwa kipimo anachotaka mteja, kwa malipo. Huduma ya namna hiyo, ya kurudisha chombo kwa fundi aliyekitengeneza, si rahisi kuipata kwingine.

Lee ya Hartford, Wisconsin, iliyotokana na kazi ya Richard Lee tangu mwaka 1958, ni ya bei nafuu kuliko zote hizo, na kwa dai za bunduki naiweka nyuma yao kwa sababu moja tu: nati yake ya kufungia hukaa kwa oringi, yaani pete ya mpira, na si kwa pete inayobana, kwa hiyo kila ukiitoa dai katika presi ni lazima upime upya kabla ya kuendelea. Wengi hununua pete za kampuni nyingine na kumaliza tatizo. Fimbo yake ya kung'olea fataki imebanwa kwa koleti, yaani kibano cha duara, hivyo ikigonga jiwe ndani ya ganda huteleza kuelekea juu na haivunjiki. Huo ni ufundi wa akili. Dhamana ni ya miaka miwili, lakini kuna kifungu kinachosahauliwa: chombo chake kinachoendelea kutengenezwa, hata kiwe kimezeeka namna gani, hurudishwa katika hali ya upya kwa nusu ya bei ya sasa.

Kwa bastola mpangilio unageuka, na Lee inapanda hadi kileleni. Seti yake yenye pete ya kaabaidi, yaani madini magumu kupita chuma, kwa mfano ya 9mm Luger, .45 ACP au ya .38 Special inayotumika pia kwa .357 Magnum, huja na kishikio chake cha ganda ndani ya boksi, wakati wengine hukiuza peke yake. Kaabaidi hukuondolea kazi ya kupaka mafuta maganda yaliyonyooka ya bastola. Haikuondolei kazi hiyo kwa maganda yenye bega, na muuzaji anayekuambia vinginevyo atakuachia ganda lililonasa ndani ya dai ya bei kubwa. Kaabaidi ni ngumu lakini huvunjika kama kigae, basi usiiangushe sakafuni. Mwenye presi kubwa inayozunguka yenyewe ataangalia dai za Dillon, ambazo midomo yake imepanuliwa ili ganda liingie bila kukwama. Mwenye presi inayobeba dai moja tu kwa wakati hana haja nazo.

Huduma ya simu katika viwanda hivi hutolewa saa za kazi za Marekani, nami huona barua pepe ni bora kwa mtu ambaye Kiingereza chake cha kiufundi hakijakomaa, maana unapata nafasi ya kuchagua maneno na unabaki na ushahidi. Andika namba ya bidhaa, tarehe ya kununua, kaliba, aina ya presi, na vipimo vya ganda kabla na baada ya kupita. Niliwahi kuandikiana na kampuni moja iliyonijibu kwa sentensi ya kunakili mara mbili mfululizo. Nilipotuma vipimo pamoja na picha ya maganda yaliyotiwa wino, dai nyingine ikatumwa bila swali.

Tatizo likiwa la bega au la shingo, kiwanda huomba uwatumie dai pamoja na maganda kama matatu yaliyopigwa katika bunduki yako mwenyewe. Yapeleke matupu, yasiyo na baruti wala fataki mpya. Posta ya Marekani haipokei risasi zilizojazwa, hata ikiwa ni moja ya mfano.