Simu Ipi Inabeba Toleo Lipi: Mwongozo wa Kununua Simu Janja

Muuzaji wa simu akikuona unasitasita, jambo la kwanza atakalokutajia ni namba ya toleo: hii ni Android 15, ndiyo mpya. Namba hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isikusaidie kitu. Mfumo endeshi, yaani hiyo Android yenyewe, ni mzigo, na simu ndiyo mbebaji. Toleo jipya likipakiwa kwenye simu yenye ram ndogo (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) na prosesa dhaifu (ubongo wa simu), simu itakwenda vizuri wiki za mwanzo ikiwa bado tupu, kisha itaanza kuganda. Kwa upande mwingine, simu yenye nguvu ambayo kampuni yake imeitelekeza katika toleo la zamani itakwenda vizuri kwa miaka kadhaa, halafu programu zitaanza kuikataa moja baada ya nyingine. Mwongozo huu unapanga machaguo yaliyopo madukani kwa kigezo kimoja tu: je, toleo lililomo, na yale yatakayokuja baadaye, yanaendana na uwezo wa chombo chenyewe?

Somo hili nililipata kwa gharama. Nilimnunulia mama mdogo simu mpya yenye ram ya GB 3 na hifadhi ya GB 32, akaitumia mwaka mzima bila malalamiko. Siku moja ikaleta ujumbe kwamba kuna toleo jipya, akaniuliza, nami nikabonyeza kukubali pasipo kufikiri. Baada ya hapo, kila alipokwenda kwa wakala kutoa pesa, alipiga *150*00#, akachagua huduma, na pale alipotakiwa kuandika namba ya siri kibodi ikachelewa kupanda hadi menyu ikajifunga yenyewe kwa sababu muda umekwisha. Foleni nyuma yake ilikuwa ikiongezeka. Fundi hakukuta ubovu wowote. Simu ilikuwa nzima, ila ilibebeshwa mzigo usio saizi yake, na kurudisha toleo la zamani katika simu nyingi si jambo la kubonyeza kitufe: inabidi iflashiwe, yaani ipakiwe mfumo upya, na data yote inaondoka.

Kabla ya kufika kwenye nafasi zenyewe, inafaa kuelewana kuhusu vipimo, kwa kuwa ndiko wanunuzi wengi wanakopotezwa.

Ram ndiyo ya kwanza. Maboksi ya simu siku hizi huandika GB 8 kwa tarakimu kubwa, na chini yake kwa maandishi madogo kukawa na 4+4. Hizo nne za pili si ram. Ni sehemu ya hifadhi iliyoazimwa ifanye kazi ya ram, na hifadhi, hasa ile ya eMMC inayowekwa katika simu za bei nafuu, ni ya polepole mno ikilinganishwa na ram halisi. Mpango huo husaidia kidogo programu uliyoiacha nyuma isifungwe mapema, lakini hauigeuzi simu ya GB 4 kuwa simu ya GB 8. Kila ninapotaja ram hapa chini namaanisha tarakimu iliyo kabla ya alama ya kujumlisha.

Google yenyewe imekuwa ikipandisha kiwango cha chini mwaka hadi mwaka. Toleo jepesi liitwalo Android Go lilipoanza mwishoni mwa 2017 lilikusudiwa simu zenye ram isiyozidi GB 1. Kufikia Android 13, mwaka 2022, hata hilo toleo jepesi lilidai ram isiyopungua GB 2 na hifadhi isiyopungua GB 16, na kuanzia Android 15 simu mpya zinazokuja na huduma za Google zinatakiwa kuwa na hifadhi isiyopungua GB 32. Hicho ni kiwango cha simu kuwaka tu. Simu ya kuishi nayo inahitaji zaidi. Katika simu ya GB 32, mfumo na programu zilizokuja nazo hula sehemu kubwa kabla hujapiga picha hata moja, na video za magrupu ya WhatsApp humaliza kilichobaki ndani ya miezi michache. Simu iliyojaa haiwezi hata kupakua sasisho lake yenyewe.

Kwenye prosesa, kinachodanganya ni idadi ya viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja. Simu nyingi za bei nafuu zina viini vinane, na tofauti iko kwenye aina ya viini hivyo. Unisoc SC9863A ina vinane, vyote vidogo, vya Cortex-A55. Unisoc T606 na MediaTek Helio G85 zina viwili vikubwa vya Cortex-A75 na vidogo sita, na hivyo viwili ndivyo vinavyofanya programu ifunguke upesi badala ya kukuachia skrini nyeupe. Helio G99 imepanda hatua nyingine, kwa viini viwili vya Cortex-A76 na utengenezaji wa nanomita 6, ambao pia hupunguza joto na ulaji wa betri.

Na mwisho ni ahadi ya masasisho. Prosesa isiyopata tena msaada wa kiwanda chake ni vigumu kupelekwa kwenye toleo jipya hata kama ingeweza kulibeba, kwa hiyo kampuni hutangaza tangu mwanzo itatoa matoleo mangapi na masasisho ya usalama ya miaka mingapi. Ahadi hiyo haiandikwi juu ya boksi mara nyingi, nayo ndiyo inayoamua simu yako itadumu hadi lini.

Nafasi ya kwanza: simu mpya ya daraja la kati yenye ahadi ndefu

Mfano ninaouweka mbele ni Samsung Galaxy A16, iliyotoka mwishoni mwa 2024. Toleo lake la 4G linatumia Helio G99, lilitoka kiwandani na Android 14, na kampuni imeahidi matoleo makuu sita pamoja na miaka sita ya masasisho ya usalama. Ukijumlisha, simu hiyo inatakiwa kufika Android 20. Kwa simu isiyo ya bei ya juu, hilo ni jambo ambalo miaka michache nyuma halikuwapo. Iliyoitangulia, A15, iliahidiwa matoleo manne na miaka mitano ya usalama.

Lakini hapa ndipo pa kuwa macho. A16 huuzwa kwa ram za GB 4, 6 na 8, na ahadi ya matoleo sita ni ileile kwa zote. Ya GB 4 itaahidiwa Android 20 kama wenzake, na sioni itaibebaje kwa raha, kwa sababu kila toleo huja na kazi zaidi za chinichini na programu zenyewe huongezeka uzito kadiri watengenezaji wanavyozizoea simu kubwa. Mtu anayenunua ahadi ya miaka sita na kuiweka kwenye ram ya GB 4 analipia miaka asiyoweza kuitumia. Chukua ya GB 8, au ya GB 6 ikiwa mfuko hauruhusu, na hifadhi ya GB 128. Ongezeko la bei kati ya saizi hizi ndilo ongezeko pekee katika mwongozo mzima ambalo ningemshauri mtu akope kidogo ili alifikie.

Nafasi ya pili: simu ya daraja la juu iliyotumika

Simu zilizotumika zinazoingia kupitia Dubai, zile ambazo pale Kariakoo huitwa used, zina faida iliyo wazi: prosesa iliyotengenezwa kwa ajili ya simu ya bei kubwa hubaki na nguvu kuliko simu mpya ya bei ileile. Tatizo ni kwamba saa yake ya masasisho ilianza kuhesabu siku ilipotoka mara ya kwanza, si siku uliyoinunua wewe.

Kwa iPhone hesabu ni rahisi, maana Apple hutangaza kila mwaka ni zipi zinaendelea. iOS 26, toleo la mfumo wa iPhone lililotoka Septemba 2025, linaanzia iPhone 11 kwenda juu, pamoja na SE ya kizazi cha pili. XR, XS na XS Max ziliachwa katika iOS 18. iPhone 8 na X ziliachwa katika iOS 16. iPhone 7 katika iOS 15. Kwa hiyo iPhone 11, ambayo wengi huikimbilia kwa sababu bei yake imeshuka, ndiyo iliyo ukingoni, nayo ina ram ya GB 4 na mara nyingi hifadhi ya GB 64. Ningepita nikaenda 12 au 13. Fungua sehemu ya afya ya betri: ikionyesha chini ya asilimia 80, weka gharama ya betri ndani ya bei unayobishania. Na asikudanganye mtu kwamba huduma za akili bandia za Apple zitakuja kwenye simu hizo. Zinaanzia iPhone 15 Pro.

Kwa upande wa Android, Galaxy S21 ilitoka na Android 11 mwaka 2021, ikaahidiwa matoleo manne, na safari yake imeishia Android 15. S22 inaishia Android 16. Zote mbili ni simu nzuri za kutumia leo, ilimradi ujue kwamba unanunua mwisho wa safari. Kuanzia S24, na Pixel 8 ya Google iliyotoka Oktoba 2023, ahadi ni miaka saba, na hapo ndipo simu iliyotumika inapoweza kuishinda ile ya nafasi ya kwanza. Kilichonifanya niiweke nafasi ya pili si uwezo wake, bali kutojua imepitia mikono ya nani: kioo kimebadilishwa au la, imewahi kuingia maji au la, akaunti ya mwenye simu wa zamani bado imo au imetolewa.

Nafasi ya tatu: GB 4 za ram na prosesa ya T606 au G85

Hizi ni miongoni mwa simu zinazouzwa kwa wingi, na za kampuni nyingi unazozijua. Zina Android kamili, nazo zinatosha kwa WhatsApp, benki, ramani na video, iwapo hifadhi ni GB 128 au angalau GB 64. Ushauri wangu ni kuzichukulia kama simu za toleo moja na nusu: toleo iliyokuja nalo, na labda moja linalofuata baada ya kusikia kutoka kwa wenye simu kama yako lilivyowatendea. Masasisho ya usalama ya kila mara, yaliyo madogo, yapokee bila hofu. Toleo kuu ndilo la kulisubirisha. Simu ikipanda toleo, iache siku moja au mbili kabla ya kuihukumu, kwa sababu hupanga upya programu zote na huwa ya moto na nzito kwa muda huo.

Nafasi ya nne: Android Go yenye GB 2 au 3

Kuna mtu ambaye kwake hii ndiyo ya kwanza: mzazi anayepiga simu, anayetuma sauti za WhatsApp na kulipia bili, basi. Go ni mavazi yaliyokatwa kwa mwili mdogo, na simu ya GB 2 yenye Go huenda kwa utulivu kuliko simu kuukuu ya GB 3 iliyolazimishwa kubeba Android kamili, kama ile ya mama mdogo. Jua tu kwamba baadhi ya mambo hayamo, kama viputo vya mazungumzo vinavyoelea juu ya programu nyingine, na kwamba simu iliyotoka na Go hubaki Go maisha yake yote. Nyingi haziongezewi toleo hata moja.

Zisizostahili nafasi

Simu yenye hifadhi ya GB 16, hata ikitolewa karibu na bure, iache. iPhone 5s na 6 zimekwama iOS 12, na tangu Mei 2025 WhatsApp inadai iOS 15.1; Android 4.4 nayo ilifungiwa mlango Januari mwaka huohuo. Halafu kuna bandia, zinazoandika ram ya GB 16 na Android ya karibuni kwenye sehemu ya Kuhusu Simu huku ndani yake kukiwa na toleo la miaka mingi nyuma na ram ya GB 2. Maandishi yale huchongwa kirahisi. Weka programu ya CPU-Z au DevCheck, zinazosoma vifaa vilivyomo ndani ya simu, na mara nyingi utaona jina la prosesa lisilolingana kabisa na boksi. Tanzania ilizima simu bandia mwezi Juni 2016, na bado unaweza kupiga *#06#, ukatuma namba ya IMEI itakayoonekana, ambayo ndiyo kitambulisho cha simu, kwenda 15090 na kusoma kama jina la simu litakalorudi ni hilo lililoandikwa mgongoni.

Ukiwa bado kaunta, ingia kwenye Mipangilio uangalie tarehe ya sasisho la usalama, maana simu mpya yenye tarehe ya mwaka juzi imelala ghalani au imesahauliwa na walioiunda. Kisha weka laini yako, fungua kamera, iache wazi, fungua na ramani, halafu piga menyu ya pesa na ufike mahali pa kuandika namba ya siri. Kibodi ikichelewa kupanda wakati simu haina picha hata moja ndani yake, mrudishie muuzaji.