Kidole gumba kwenye picha ya Serov: kitabu cha kutawazwa Tsar nilichouziwa

Mnivumilie, naandika hasira bado haijaisha.

Niliagiza mtandaoni nakala iliyochapishwa upya ya kitabu cha kutawazwa kwa Tsar Nikolai wa Pili, mfalme wa Urusi, kile cha juzuu mbili kilichotoka mwaka 1899, miaka mitatu baada ya sherehe yenyewe. Ilikuwa mwaka jana, kama si mwishoni mwa mwaka juzi. Nimesoma Moscow miaka mitano, na kila mgeni aliyenifikia kutoka nyumbani nilimpeleka Kremlin, ndani ya kanisa la Uspensky. Hata baada ya Petro Mkuu kuhamishia makao ya serikali St. Petersburg, tsar aliyetaka kuvikwa taji ilibidi arudi Moscow, kanisani humo. Nikolai alijivika taji kwa mikono yake, kisha akalivua akamgusisha mkewe Alexandra kichwani, akalirudisha kwake, ndipo akamvika mkewe taji dogo. Hadithi hiyo nimewasimulia wageni mpaka nimeikariri.

Sasa, nilikuwa naisubiri picha moja tu: ile ya mchoraji Valentin Serov, Tsar anapakwa mafuta matakatifu. Mzigo ukafika, nikaufungulia palepale posta. Nimefikia ukurasa wenyewe, nakuta kidole gumba. Kidole cha mtu! Aliyekuwa anaskani alishika ukurasa, na kidole chake chenye kimpira cha rangi ya waridi kikapigwa pamoja na picha, kikachapishwa, kikafungwa ndani ya jalada lenye herufi za dhahabu. Kimewafunika watu waliosimama mbele, kimebakiza kidogo tu kimguse Tsar. Hivi hakuna hata mtu mmoja aliyepitia kurasa kabla ya kutuma?

Nikawapigia simu wauzaji. Nilizungumza Kirusi, kwa adabu zote, nikaomba wanitumie ukurasa huo mmoja tu ulio safi. Dada aliyepokea akanisikiliza, akaniuliza nipo wapi. Nikamwambia Dar es Salaam. Akasema: “Sasa huko Afrika mambo ya wafalme wetu mnayahitaji ya nini?”

Nilinyamaza kidogo. Kisha nikamwambia maafa ya uwanja wa Khodynka, hapo Moscow, nayajua. Siku nne baada ya taji, watu walijaa kwenye uwanja ule wenye mitaro na mashimo wakingoja zawadi: kikombe cha enameli chenye herufi za Tsar na mkewe, mkate, kipande cha soseji, peremende. Ukazuka uvumi kwamba zawadi hazitatosha, watu wakasukumana. Kwa hesabu ya serikali yenyewe walikufa 1,389. Jioni hiyohiyo Tsar akaenda kwenye dansi ya balozi wa Ufaransa. Wale waliokufa hawakuwa wafalme, dada yangu, walikuwa watu wa kawaida waliofuata kikombe. Mimi nisiwalilie kwa sababu nipo Afrika? Akakata simu.

Hela sikurudishiwa, ukurasa sikutumiwa. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu mtandao haukubali sifuri.

Ila nikiwa mkweli, usiku ule sikulala. Nilikaa na kitabu mpaka karibu na alfajiri. Kuna kadi ya vyakula vya karamu ya kutawazwa iliyochorwa na msanii Viktor Vasnetsov, herufi zimesukwa kama za vitabu vya kale vya kanisa, na wino humo umetoka vizuri, rangi hazijafifia hata kidogo. Binti yangu amejaribu kuinakili kwa penseli mara mbili. Kwa ukurasa huo peke yake nilipandisha nyota zikawa tatu. Halafu nikalikumbuka swali la yule dada, nikaondoa moja.

Basi ni mbili. Kitabu siuzi, na mtu wangu wa karibu nitamwazima. Lakini nikikifungua, mkono wenyewe umeshazoea kuruka ukurasa wa Serov.