Kompyuta ya kuzamia: ipi ya kununua, ipi ya kusubiri

Kwa mzamiaji wa burudani, ambaye mwisho wake ni mita 40, kompyuta zote za dukani zina kazi moja: kupima kina na muda, kukadiria naitrojeni iliyoingia mwilini, na kukuonyesha dakika zilizobaki kabla hujalazimika kusimama njiani wakati wa kupanda. Ya bei poa na ya bei mbaya hazipishani sana kwenye kazi hiyo. Pesa nyingi huishia kwenye kioo, betri na mapambo.

Naanza na Cressi Leonardo ya Italia. Haina urembo, na kitufe chake ni kimoja tu: unapoipanga, ukiipita namba uliyoitaka, itabidi uzunguke upya mpaka uifikie tena. Usumbufu huo unaishia kwenye boti, maana ukishazama huna namba ya kupanga. Tarakimu ni kubwa, inakubali hewa ya kawaida na naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, hadi oksijeni asilimia 50, na betri yake ni kile kidude bapa cha CR2430 unachobadilisha mwenyewe. Aliyeko Pemba au Mafia anajua hilo lina uzito gani. Kompyuta inayodai fundi wa kampuni kila betri inapokufa inaweza kukukosesha msimu mzima. Weka akiba ya betri mbili na oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji. Mares Puck Pro ni ndugu yake wa karibu, kwa hiyo ukiipata kwa bei nafuu zaidi, chukua.

Ya pili ni Shearwater Peregrine ya Kanada, iliyoingia sokoni 2020. Kwa ubora peke yake ingeongoza. Kioo cha rangi cha inchi 2.2 kinasomeka hata na mtu aliyeanza kuhitaji miwani, na hesabu yake ya naitrojeni, iitwayo Bühlmann ZHL-16C, unaipangia mwenyewe kiasi cha tahadhari. Nyingi za wenzake hujifunga saa 24 au 48 ukipuuza kituo cha lazima wakati wa kupanda. Hii inaendelea kukuhesabia. Tatizo ni bei, kama dola 550, zaidi ya mara mbili ya Leonardo, na betri yake ni ya kuchaji. Kiongozi wa wazamiaji Mnemba, anayeshuka karibu kila siku, atairudisha pesa yake. Wa likizo asijitese.

Garmin Descent G1 ni ya anayetaka saa ya kuvaa hata kazini. Inaweka alama ya GPS ulipozamia na ulipoibukia, jambo zuri penye mkondo, lakini kioo ni kidogo.

Suunto Zoop Novo naiweka nyuma ingawa ni ngumu kama jiwe. Hesabu yake ina woga, hasa mbizi ya pili ikifuata upesi. Boti hupumzika saa moja hivi, kikombe cha chai na kipande cha nanasi, kisha mnarudi majini. Wenzako bado wana dakika, yako inakuambia upande. Kwa mtu mzima kidogo, au mwenye mwili mzito, woga huo ni faida.

Ukinunua mtumba, fungua kifuniko cha betri mbele ya muuzaji. Kutu ya kijani kwenye vibati maana yake maji ya chumvi yameshaingia, mrudishie. Kama ni safi, kagua oringi isiwe na ufa wala unywele, halafu ichovye kwenye ndoo, kwa kuwa nyingi huamka zenyewe zikilowa. Siku ya kwanza majini, linganisha kina na cha kiongozi wako.

Na usimwazime mtu kompyuta yako kati ya mbizi ya kwanza na ya pili. Imeshabeba hesabu ya mwili wako, na yeye atasomewa dakika ambazo si zake.