Mipira ya mazoezi baada ya kuvunjika mguu: uzoefu wangu hapa Lamu

Nimetumia hii mipira miezi minne sasa, kwa hiyo naona naweza kuisema bila kumdanganya mtu. Ni ile bapa mirefu kama utepe mpana, inakuja mitano kwenye kifuko, njano ndo laini kabisa, halafu nyekundu, kijani, buluu na nyeusi ambayo ndo ngumu. Niliagiza Nairobi kwa simu, 1,800, ikaja na basi mpaka Mokowe kisha boti.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Langoni, ghorofani. Niliteleza kwenye ngazi za jeti maji yamekupwa, vile vipandio vya chini vyenye mwani, nikavunjika muundi. Plasta wiki nane, kutoka vidoleni mpaka pajani. Siku inakatwa nikajua yameisha, kumbe ndo kwanza. Ngozi inabanduka, paja limelegea, nauambia mguu nyanyuka haunyanyuki. Nikachukua futi yangu ya kazi nikapima sentimita 15 juu ya pia ya goti, mguu mzima 52, huu 47. Nililia. Kijana wa fizio, yule wa mazoezi ya viungo hospitali, akanieleza msuli usipofanya kazi unasinyaa upesi, wiki chache tu za mwanzo, na ule wa mbele ya paja ndo unaolishika goti lisikukatikie unaposhuka ngazi. Na ngazi za nyumba zetu za mawe mnazijua zilivyo, ndefu na nyembamba, hata mzima anashika ukuta.

Mipira hakunianzishia. Wiki tatu za mwanzo ni taulo tu, unalikunja unaliweka chini ya goti, unaligandamiza huku msuli wa paja umekaza, unahesabu mpaka tano, unaachia, mara kumi, asubuhi mchana na usiku. Halafu kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka, na kukivuta kisigino kuelekea makalioni. Kukanyagia uzito wote hakuniruhusu mpaka daktari alipoangalia eksirei akasema mfupa umeshika, kwa hiyo tafadhali, kama hujaruhusiwa usinunue mpira ukaanza mwenyewe.

Njano nikaanza nao kwenye wayo, nimekaa kitandani, naupitisha chini ya vidole nashika ncha mbili kwa mikono, nasukuma mbele kama nakanyaga pedali ya cherehani. Ule mwendo nimeufanya miaka 20 kwa hiyo mguu uliukumbuka wenyewe, na hapo ndo nilipopata moyo kwa mara ya kwanza tangu nianguke. Baada ya wiki kama tatu nikahamia nyekundu, naufunga kwenye tendegu la kitanda na upande wa pili kwenye kifundo cha mguu, nakaa kwenye kiti naunyoosha goti polepole, na kurudisha pia polepole, kurudisha ndo kuna kazi, ukiuachia ukurudishe wenyewe hujafanya kitu. Kule kuungua kwa msuli ni sawa, lakini maumivu ya mfupani au goti kuvimba mpaka kesho yake ni dalili umezidisha, punguza. Na kigimbi kikivimba ghafla kikawa na moto na kinauma, hiyo achana na mazoezi nenda hospitali siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda.

Mavyaa alikuwa akiniita kila jioni "ndoo nikukande" na mafuta ya nazi, na nilikwenda, kulikuwa kunanituliza sana, ila msuli haukujengwa na kukandwa. Chakula nacho nilikitilia maanani, kunde, mayai, samaki kila siku. Na bahari! Fizio aliponikubalia, binti yangu alinishika mkono tukawa tunatembea Shela majini, maana maji yakikufika kiunoni mguu unabeba kama nusu tu ya uzito wako, basi natembea bila gongo kwa raha zangu.

Sasa kasoro. Nyekundu ulinikatikia mwezi wa pili, pale pale nilipoufunga, ukanichapa kwenye muundi ule ule, nikaona nyota. Muuzaji nilimwandikia mara tatu, alisoma hakujibu, na hilo limeniuma kwa kweli. Tangu hapo nazungushia leso kwenye tendegu kwanza ndo nafunga mpira, na kabla ya kuanza nauvuta mbele ya dirisha niangalie kama una kitundu. Kile kidude cha kubana mlangoni kwangu hakifai kabisa, kimetengenezwa kwa milango ya kisasa, mlango wangu ni wa mbao wa bawa mbili, kinachomoka. Halafu joto letu linaufanya mpira unate, nyunyizia poda ya mtoto na usiuanike juani.

Juzi nimepima tena: 50 na nusu. Nashuka ngazi mguu mbele ya mguu, gongo nimeliegemeza nyuma ya mlango, na cherehani nakanyaga mpaka magharibi. Sasa niko kwenye kijani, buluu naujaribu mara tano tano, nyeusi bado uko kifukoni. Kwa 1,800 naununua tena, ila kwa muuzaji mwingine. Uliza urefu kabla hujalipa, hii yangu ni mita moja na nusu, inanitosha mimi mfupi, mume wangu alipojaribu ilimbana.