Sakulenti kwa bajeti ya elfu ishirini Mwanza: mimea safi, udongo hapana

Nilitenga elfu ishirini, nauli humo humo, na nimerudi na chenji. Niseme mapema: kwa mimea yenyewe, kitalu nilichoingia kando ya barabara ya uwanja wa ndege nakipa nyota tano. Kwa udongo na vyungu wanavyouza, mbili, na hizo ni za heshima.

Sisi wa Bugarika tunaijua adha ya kupandisha ndoo ya maji mlimani. Ndiyo maana nikataka sakulenti, mimea inayotunza maji kwenye majani na mashina. Kibaraza changu kimekaa juu ya jiwe, jua linakipiga kutwa. Ukiweka waridi pale unalitesa tu.

Nikamsalimu mwenye kitalu: "Shikamoo mzee." "Marahaba, karibu uchague, kuangalia hakulipiwi." Echeveria, ile sakulenti ya majani yaliyojipanga kama ua, ikiwa ndani ya chungu cheusi cha plastiki alitaka elfu tano, hiyo hiyo kwenye kiriba, yaani kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche, buku tatu. Nikaenda na ya kiriba, maana vile vyungu vyepesi vikikaa juani vinakatikia mkononi. Kabla ya kulipa nikabonyeza kiriba kwa chini. Maji yakachuruzika, na majani ya chini yalishaanza kulegea na kung'aa kama jeli. Hiyo mizizi imeoza, iache hata ukipewa bure. Nikahamia kwenye kingine kikavu, mmea umeshika vizuri, ndicho nilichoondoka nacho.

Ukiwa na hela ya mawazo, angalia watoto kwanza, yaani machipukizi yanayoota pembeni ya mmea. Shubiri, yaani aloe vera, haioti kwa jani; ukilichomeka linaoza. Lakini nilipata kiriba cha elfu nne chenye mama na watoto watatu pembeni, kwa hiyo nimenunua mimea minne. Echeveria yenyewe unachomoa jani zima, bila kulikata katikati, unaliacha kivulini siku kadhaa mpaka kidonda kikauke, kisha unalilaza juu ya mchanga. Usilifukie. Kalankoe ndiyo rahisi kuliko zote, tawi moja tu linatosha. Yangu ilikuwa buku mbili.

Kwenye sansevieria, ile ya majani marefu yaliyosimama, yenye kingo za njano ndipo tulipovutana. Mzee alitaka kunipa kipande cha jani kwa buku moja. Nikamuuliza, "Hiki kikitoa mtoto, si atakuwa wa kijani kitupu?" Akacheka: "Kumbe unajua." Njano ile hairithiwi kwa kipande cha jani, lazima upate chipukizi lenye mzizi wake. Alianzia elfu tano, tukamalizana kwa elfu nne na mia tano. Nilipotaka kulipa kwa simu akasema weka na ya kutolea, nikatoa keshi.

Sasa huo "udongo wa maua". Kifuko buku tatu, na nilipoufikicha ulikuwa mbuga tupu, ule udongo mweusi mzito, iliyochanganywa na samadi. Kwa mchicha hauna shida. Kwa sakulenti, mvua za masika zikianza unashika maji siku nyingi na mizizi inakufa. Kwetu huku luseni ipo bure chini ya miamba, ule mchanga mkavu wa mawe yaliyomong'onyoka. Ndoo ya chenga za mawe nimenunua kwa akina mama wanaogonga kokoto, buku moja. Mimi nachanganya luseni makopo mawili, chenga kopo moja, samadi ya zamani nusu kopo. Mchanga laini wa ufukweni sikuushughulikia, huo ukilowa unashikamana na kuziba hewa.

Vyungu? Muulize fundi rangi. Ndoo zake tupu za lita nne kaniuzia jero jero, nikazitoboa chini kwa msumari wa moto. Zina madoa, ndiyo, lakini hakuna anayekuja kwangu kukagua ndoo.

Mkienda, nendeni Julai au Agosti. Kiangazi kile viriba havijalowana, unaona afya ya mmea vizuri, na wengi wanaopanda bado wanasubiri mvua, hivyo mzee anapunguza bei bila maneno mengi. Bebeni boksi gumu la dukani. Kwenye daladala kaa nalo mapajani. Konda akitaka kulisukumia chini ya siti, kataa.